Moshi mweusi mlimani: kabla hujaigusa pampu ya 1HD-T

Swali limetoka kwa ndugu yetu wa Karatu. Ana Land Cruiser 80 ya mwaka 1993 yenye injini ya 1HD-T, gia za mkono, kilomita zaidi ya laki nne. Anabeba watalii na mizigo yao kati ya Arusha na Ngorongoro. Akianza kupanda kutoka Mto wa Mbu gari linakuwa zito, nyuma unatoka moshi mweusi, na inabidi arudishe gia ya tatu, siku nyingine ya pili. Fundi wake amemshauri afungue pampu ya dizeli nusu mzunguko kwa skrubu ya nyuma ili mafuta yaongezeke, na aifunge westigeti, ule mlango unaoizuia turbo isizidi, ili turbo, yaani kipulizi cha hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, ipulize nguvu zake zote. Anauliza: akubali? Na kama ni kuongeza nguvu, aanzie wapi?

Kaka, nashukuru umeuliza kabla pampu haijaguswa. Jibu langu ni kwamba usikubali lolote kati ya hayo mawili. Gari lako linaweza kuongezewa nguvu, na mlima ule ukaupanda kwa gia ya tatu bila kuomboleza, lakini njia uliyoonyeshwa ni ya kuua injini.

Anza na huo moshi. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakakosa hewa ya kuyaunguza. Kwa hiyo gari linalotoa moshi mweusi mlimani linakuambia kwamba mafuta linayo, tena yamezidi. Kinachokosekana ni hewa. Ukifungua pampu nusu mzunguko unazidisha kile ambacho tayari kimezidi. Nguvu itaongezeka kidogo, moshi utaongezeka sana, na joto litapanda kuliko vyote viwili.

Hapa ndipo mafundi wengi waliokulia kwenye petroli hupotea. Injini ya petroli ikipata mafuta machache huku imebebeshwa mzigo, inachemka, kwa hiyo mtu anazoea kwamba kuongeza mafuta ni kupoza. Dizeli ni kinyume. Haina mlango wa kuzuia hewa kwenye njia ya kuvuta pumzi. Inavuta hewa yote inayopatikana kila mzunguko, na mguu wako kwenye pedeli unaamua mafuta tu. Kila tone la ziada ni joto la ziada, na joto hilo linapita kwenye kichwa cha pistoni, kwenye vali, halafu kwenye panga za turbo. Hewa ya ziada ndiyo inayopoza.

Nimewahi kushika mkononi pistoni iliyotoka kwenye injini ya aina hiyo hiyo baada ya kupandishwa mlima mrefu na mafuta yaliyofunguliwa kwa kubahatisha. Ukingo wa juu ulikuwa umeliwa kama mshumaa uliowekwa karibu na jiko, na chini ya ule ukingo ringi ya kwanza ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake. Kwenye panga za turbo upande wa ekzosi kulikuwa na vitone vidogo vya aluminiamu vimenata, vinang'aa. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ile ya pistoni huanza kulegea chini ya hapo. Moshi wa ekzosi unaweza kufika 700 pistoni ikabaki salama, kwa sababu inagusana na moto kwa kipande kidogo tu cha mzunguko na chini yake inamwagiwa oili. Lakini ukiuweka moto huo kwenye 850 kwa dakika tano za mlima, oili hiyo haitoshi. Mwenye gari hakusikia chochote mpaka dakika ya mwisho. Geji ya maji ilikuwa imetulia katikati.

Sasa nikueleze jinsi pampu yako inavyoamua mafuta, maana ukilielewa hili utajua kwa nini moshi unakutokea mlimani na si pale Makuyuni kwenye tambarare. Ni pampu ya mzunguko, ya muundo wa Bosch VE, iliyotengenezwa na Denso. Juu yake kuna kofia, ndani ya kofia kuna diaframu ya mpira. Mpira mwembamba kutoka kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linaloigawia silinda hewa, unaleta presha ya turbo juu ya diaframu hiyo. Presha ikipanda, diaframu inasukumwa chini dhidi ya springi, na pini iliyofungwa katikati yake inashuka. Pini hiyo ina umbo la karoti, tena imechongwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kijiti cha chuma kinagusa ubavu wake. Pini ikishuka, kijiti kinaingia sehemu nyembamba zaidi na pampu inaruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Kwa hiyo mafuta yanafuata presha.

Tatizo ni kwamba diaframu inapima tofauti kati ya presha ya turbo na presha ya hewa ya nje. Haijui uko mwinuko gani. Mto wa Mbu ni kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, Karatu kama 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita 2,200. Pale juu hewa ya nje ina uzito wa takribani robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam. Turbo ikitoa presha ya nusu bar Dar na nusu bar ukingoni mwa kreta, pampu inaona kitu kimoja na kutoa mafuta yale yale, lakini hewa iliyomo ndani ya silinda si ile ile. Baadhi ya pampu zilitoka kiwandani na kifaa cha kufidia mwinuko. Muulize fundi wa pampu kama yako inacho na kama kinafanya kazi. Kama haina, gari lililorekebishwa Dar likawa safi kabisa litatoa moshi likifika kwenu. Wewe gari lako lirekebishwe huko huko juu linakofanyia kazi.

Basi kazi ya kwanza ni kuitafuta hewa iliyopotea. Usinunue kitu kabla ya hapo.

Fungua ea klina, yaani chujio la hewa. Barabara ya vumbi inaanza geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na vumbi lile ni laini kama unga wa ngano. Elementi inaweza kuonekana safi kwa nje huku mikunjo imejaa ndani. Weka mpya, endesha mlima ule ule na mzigo ule ule, uone moshi umepungua kiasi gani. Nimeona magari yaliyoletwa kwa ajili ya pampu yakarudi nyumbani na elementi mpya tu.

Halafu bomba linalotoka turbo kwenda manifoldi ya hewa, pamoja na mipira ya maungio na klipu zake. Ukikuta mafuta meusi yenye vumbi yamenata pembeni ya ungio, hapo hewa inatoka. Ili uwe na hakika, ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye vali ya tairi, jaza upepo taratibu usizidi nusu bar, kisha paka povu la sabuni kila ungio. Povu litakuonyesha.

Kuna tofauti moja hapa inayosaidia sana. Bomba kubwa likivuja, hewa inapungua huku mafuta yanaendelea kuja, kwa hiyo gari linakuwa zito na linatoa moshi. Ule mpira mwembamba wa kwenda kwenye kofia ya pampu ukipasuka, au diaframu ikitoboka, pampu haijui kwamba turbo inapuliza. Gari linakuwa zito lakini moshi hakuna kabisa. Wewe una moshi, kwa hiyo ningeangalia bomba kubwa, ea klina na nozeli, yaani vinyunyizi vya dizeli, kabla ya kuufikiria huo mpira mwembamba. Ubadilishe tu hata hivyo, una miaka mingi na bei yake ni ndogo.

Nozeli za kilomita laki nne, kama hazijawahi kubadilishwa, zimeisha. Nozeli nzima inapuliza ukungu. Iliyochoka inakojoa, na tone kubwa la dizeli haliungui lote hata hewa ikiwepo. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, usikubali mtu azikague kwa macho. Nozeli za 1HD-T hufunguka kwa hatua mbili, ndiyo maana injini hii haigongi sana ikiwa ya baridi, na anayezipanga lazima apange hatua zote mbili. Wakati huo huo taimingi ya pampu, yaani wakati inapopeleka dizeli kwenye silinda, ipimwe kwa geji ya saa. Taimingi iliyochelewa, hata kwa jino moja baada ya kubadilisha mkanda, inapeleka moto kwenye ekzosi badala ya kwenye pistoni.

Ukimaliza hayo, inawezekana kabisa mlima ukapandika na usihitaji kuendelea. Nakuambia ukweli, nusu ya wanaoniuliza swali lako wanaishia hapa.

Kama bado unataka zaidi, nunua geji mbili kabla ya kitu kingine chochote. Moja ya presha ya turbo, ichukue presha kwa kiungio cha T kwenye ule mpira mwembamba wa pampu, ili uone kile ambacho pampu yenyewe inaona. Ya pili ni ya joto la ekzosi. Hii ya pili ndiyo roho ya injini yako. Sensa yake iingizwe kwenye manifoldi ya ekzosi, kabla ya turbo. Wengi huiweka baada ya turbo kwa sababu ni rahisi kutoboa bomba, lakini pale joto limeshashuka kwa nyuzi mia moja au mia mbili, na tofauti hiyo haikai sawa, kwa hiyo unaendesha kwa kukisia. Manifoldi itolewe wakati wa kutoboa. Chembe moja ya chuma ikiingia kwenye turbo, umeiharibu.

Endesha wiki nzima na geji hizo bila kubadilisha chochote. Andika namba. Gari la kiwandani la aina hii hutoa nusu bar na zaidi kidogo, kama psi 8 au 9. Ukiona chini ya hapo ukiwa gia ya tatu, mguu chini, mizunguko 2,500, rudi ukatafute mvujo. Joto la ekzosi kwenye mlima mrefu lisivuke 700. Kupita kidogo mpaka 750 wakati wa kulipita lori, sekunde chache, si neno. Ikikaa hapo, inua mguu na urudishe gia: mizunguko ikipanda hewa inaongezeka na joto linashuka, hata kama masikio yanakuambia injini inateseka.

Kitu cha kwanza cha kuongeza ni njia ya kutoka. Bomba la ekzosi la kiwandani ni jembamba. Bomba la inchi 3 kutoka kwenye turbo mpaka nyuma, lenye silensa inayopitisha vizuri, linaifanya turbo iamke mapema na kushusha joto, bila kugusa pampu. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningeitia hapo. Cha pili, fedha ikiruhusu, ni intakula, kwa kuwa 1HD-T ilitoka kiwandani bila hiyo. Hewa iliyobanwa na turbo inatoka na moto mkali. Ikipozwa inajaa zaidi ndani ya silinda.

Sasa presha. Westigeti ni mlango unaopitisha sehemu ya moshi pembeni ya panga za turbo ili isizunguke kupita kiasi. Ukiufunga kama ulivyoshauriwa, hakuna kinachoizuia turbo. Presha itapanda kadiri unavyokanyaga, mpaka gasketi ya silinda hedi iachie au shafti ya turbo ivunjike. Cha kufanya ni kufunga kivali kidogo cha sindano kwenye mpira unaokwenda kwenye aktueta ya westigeti, kile kinachousukuma mlango, ambacho kinavujisha kiasi kidogo cha presha ili mlango uchelewe kufunguka. Geuza robo mzunguko, endesha, soma geji, rudia.

Kwa turbo yako ya CT26 mimi ningeishia 0.8 bar huko kwenu. Watu wa pwani wanakwenda mpaka 1.0, lakini kumbuka mwinuko. Turbo inayoonyesha 0.8 Dar inaibana hewa karibu mara 1.8. Ikionyesha 0.8 hiyo hiyo ukingoni mwa kreta inaibana zaidi ya mara mbili, kwa sababu inaanza na hewa nyepesi. Inazunguka kasi zaidi kwa namba ile ile ya geji, na hewa inayotoka ni ya moto zaidi. Ukivuka hapo CT26 inapika hewa kuliko inavyoijaza.

Baada ya kupandisha presha, rudi mlimani kabla hujagusa mafuta. Joto linapaswa kuwa limeshuka na moshi umepungua. Nafasi iliyopatikana kati ya namba ya leo na 700 ndiyo mafuta unayoruhusiwa kuongeza.

Kwenye pampu anza juu, kwenye kofia. Toa bolti nne, na kabla hujainua diaframu weka alama ya rangi kwenye ukingo wake na kwenye mwili wa pampu. Alama hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani. Kuizungusha diaframu kunaigeuza ile karoti ili kijiti kikutane na upande uliochongwa zaidi, hivyo mafuta yanaongezeka pale tu turbo inapopuliza. Chini yake kuna gurudumu lenye meno linalobeba springi. Ukilishusha, springi inalegea na mafuta yanakuja mapema, kwenye mizunguko ya chini. Meno mawili matatu kwa wakati mmoja, usizidishe. Ukilishusha sana utapata moshi wakati wa kuondoka, kwa sababu mafuta yametangulia turbo.

Ile skrubu ya nyuma ya pampu, ambayo fundi wako alitaka kuanza nayo, ni ya mwisho. Inaongeza mafuta kila mahali, turbo ikipuliza isipopuliza. Ndiyo maana naiogopa. Ikilazimu kuigusa, piga alama, legeza nati yake, geuza moja ya nane ya mzunguko kwa kufuata saa, kaza nati, endesha. Sailensa ya injini itapanda kidogo, yaani mizunguko ya kukaa bila kukanyagwa, na utairudisha kwa skrubu yake. Nusu mzunguko kwa mpigo mmoja unaweza kuiacha injini ikilia juu hata ukiinua mguu. Atakayekuwa anafanya kazi hiyo lazima awe na mtu kwenye usukani, mguu kwenye breki, tayari kuizima.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Siku ambayo nilipanga gari la namna yako kwenye mlima huo, tulipanda mara sita kutoka Mto wa Mbu mpaka pale wageni wanaposimama kuangalia ziwa Manyara, tukageuka, tukashuka. Safari ya kwanza sindano ya geji ya joto ilifika 740 tukiwa hatujafika nusu. Baada ya bomba na presha ilikaa 640. Tukaongeza mafuta kidogo kidogo mpaka 690, moshi ukawa kivuli chepesi wakati wa kubadilisha gia tu, na gia ya tatu ikashika mpaka juu. Pale tukafunga kofia. Mwenye gari alitaka kidogo tena, nikakataa, maana siku ile hakuwa amebeba watu saba na mabegi juu.

Jambo moja limebaki, na kwako lina uzito kuliko hayo yote. 1HD-T inajulikana kwa beringi za konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, zinazokwisha mapema, na kwa kilomita ulizotaja sitaki uongeze nguvu yoyote kabla hazijakaguliwa. Huhitaji kuishusha injini. Karta ya oili, lile sinia la chini ya injini, inatolewa kutoka chini, kofia za konrodi zinafunguliwa moja moja, na beringi mpya zinawekwa baada ya krenki kupimwa. Shaba ikianza kuonekana kwenye uso wa beringi ya zamani, umefika kwa wakati. Beringi zikianza kugonga ukiwa barabarani, konrodi inaweza kutoboa bloku. Badilisha oili kila kilomita 5,000, na ukimaliza mlima acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kuipoza shafti ya turbo.

Klachi kama imeanza kuteleza itateleza zaidi, na rejeta iliyojaa udongo kati ya mapezi ioshwe. Na usimpe jirani yako namba hizi kama gari lake ni lile Land Cruiser la watalii lenye injini ya 1HZ iliyobandikwa turbo. Ile ni injini yenye chumba cha awali, ambamo dizeli huanza kuwaka kabla ya kufika juu ya pistoni, na mbano wa zaidi ya 22 kwa 1, yako ni 18.6 kwa 1 na inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Kwake mipaka ya presha na joto iko chini zaidi.

Fundi wako usikosane naye. Mwoneshe geji siku ya kwanza mkiwa mlimani pamoja, na skrubu ya nyuma mwachie kwa siku ambayo namba zitakuwa zimeiruhusu.